Kilicholala Kiache Kilale

Hoikkavaara,
Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, acha nikuambie alichokifanya mjukuu wako sasa hivi, maana nisipoandika nitasahau. Lempi ametoka kwenye kapu la kuni amebeba kile kipande chake cha gogo, kile chenye uyoga mgumu ulioota juu yake, ambao upande wa chini una rangi ya waridi iliyofifia. Alikinusa kwanza. Akaninyooshea nami ninuse. Niliponusa akaridhika, akaenda nacho mlangoni pale yanapokaa mabuti yako ya sufu, akakitumbukiza ndani ya buti la kushoto, akachukua soksi yako akakifunika vizuri. Halafu akaweka kidole mdomoni akaniambia "sss", yaani kimelala, nisipige kelele. Sasa amekaa sakafuni kando ya buti, analinda.

Basi sasa ndiyo nikuamkie ipasavyo. Shikamoo Baba. Mkono wa kulia unaendeleaje, bado umelala tu au vidole vimeanza kusikia? Muuguzi wako Marjut aliniambia kwa simu kwamba Jumapili ulishika kikombe mwenyewe kwa mkono wa kushoto mpaka kahawa ikaisha, na kwamba ulimkaripia kwa sababu ilikuwa nyepesi. Nilifurahi mno. Mtu anayegombana na wauguzi kwa ajili ya kahawa huyo bado yupo. Mshukuru Marjut kwa kukusomea barua zangu. Mwambie soksi za mumewe zimebaki visigino tu, na nikimaliza nitazituma pamoja na mtungi mwingine wa jamu ya matunda ya kinamasini, kama ule wa kwanza kaka Jarkko hakuula njiani.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Lempi ana meno kumi na mawili na amemng'ata nayo jirani yetu Reino mara mbili. Najua hutaki kulisikia jina hilo, Baba, lakini vumilia, litarudi tena. Viazi nimevichimba, vimejaa pipa la chini na nusu ya lile la juu, vidogo lakini havina madoa. Nyavu nimezitoa ziwani, nimezianika, mbili zinahitaji mkono wako. Juzi usiku baridi iligandisha maji ya ndoo kwa mara ya kwanza, na jana asubuhi makorongo walipita juu ya nyumba wakielekea kusini. Lempi aliwapungia mkono mpaka akaanguka kitako. Sauna inavuja palepale inapovuja siku zote. Baba yake Lempi hajaandika, nami nimeacha kuchungulia sanduku la posta kwa ajili yake, nachungulia kwa ajili yako.

Sasa nije kwenye msitu. Tangu upate kiharusi maneno yako yamekuwa machache, na kila nikipiga simu unatumia manne kati ya hayo kuuliza lilelile: wale wa ofisi, wamekuja? Mwezi wa sita nilikuambia bado, nikahama haraka kwenye habari za Lempi. Jarkko ndiye aliyekuambia mwezi wa nane kwamba walikuja na kwamba mambo hayakwenda vizuri, kwa kuwa kaka yangu hajui kuzunguka jambo, yeye hulikata kama mkate. Lakini hakuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo, nami nataka ulisikie kutoka kwangu.

Alikuja mwanamke mmoja tu wa ofisi ya kulinda misitu, Jumanne baada ya sikukuu ya Yohana, mwishoni mwa mwezi wa sita. Jina lake Sirkku. Ni mtu wa makamo, amevaa mabuti ya mpira, na lensi ndogo shingoni imefungwa kwa kamba ya kiatu. Ana mgongo kama wako, wa mtu aliyeinama miaka mingi. Alikuwa na karatasi za miaka kumi iliyopita, za wakati ule uliposaini mkataba wa kuulinda msitu, na kwenye karatasi hizo kila gogo lililolala lina namba, na chini ya namba pameandikwa aina za uyoga zilizokutwa juu yake. Hamsini na nne, Baba. Siyo ule tunaookota kwa kikapu tukakaanga na siagi. Ni ule wa kwenye magogo, mwingine mgumu kama kwato, mwingine mwembamba kama rangi iliyomwagika ikakauka. Mimi nilikuwa najua aina mbili tu: ule unaofaa kuwashia moto na ule usiofaa.

Alianza kutafuta gogo namba moja. Hakulikuta. Alikuta shimo refu kwenye lile zulia la kijani, kama kitanda ambacho mtu ameamka akakiacha bila kutandika. Akadhani amekosea, akarudi nyuma akahesabu hatua upya. Namba mbili, shimo. Namba tatu, shimo na alama za magurudumu ya trekta. Aliendelea hivyo mpaka namba kumi na sita. Hakupiga kelele, hakutukana. Alikuwa akipiga magoti kila mahali, anagusa udongo kwa kiganja, anaandika, anasimama, anakwenda kwenye shimo lingine. Mimi nilikuwa nyuma yake na Lempi mgongoni.

Hakuondoka mapema, jambo ambalo lilinishangaza. Alisema maadamu amefika atahesabu kilichobaki, na kwamba kama nataka nifuatane naye, mtoto si tatizo. Basi tulitembea siku nzima. Kwenye visiki na kwenye vigogo vidogo vilivyosazwa aliweza kupata aina kumi na moja. Kila alipopata mmoja alinipa lensi nitazame. Baba, sikujua. Kwa macho ya kawaida ni uchafu tu, lakini ndani ya lensi ni matundu madogomadogo yamepangwa kama sega la nyuki. Alinionyesha mmoja unaotoa matone kama jasho. Alinieleza kwamba upo unaonuka kitunguu saumu, na upo unaokula mti mpaka ubaki vipande vya mraba vya kahawia, na mwingine unaouacha mweupe, laini, wa nyuzinyuzi. Na hauwahi kuingia wote kwa pamoja. Wa kwanza hufungua mlango, akifa anamwachia wa pili nyumba, wa pili anamwachia wa tatu, na wapo ambao hawawezi kukanyaga mpaka wengine wawe wamekaa humo miaka thelathini au arobaini. Ndiyo maana gogo la tangu enzi za babu lilikuwa na aina nyingi kuliko msitu mzima wa jirani. Alikuwa akisoma majina kutoka kwenye karatasi zake za zamani na kunieleza kila mmoja ulivyokuwa. Nilikuwa nayajifunza majina hayo kama mtu aliyefika mazishini akatajiwa marehemu ambaye hakuwahi kumjua, kumbe walikuwa wakiishi nyumba moja.

Ule anaouita mkubwa wa nyumba ulikuwa kwenye gogo namba tisa. Wa waridi upande wa chini. Alisema huo hauoti kwenye misitu iliyofyekwa na kupandwa upya, unataka msitu ambao haujaguswa siku nyingi, na kwamba kwa ajili ya huo hasa, miaka kumi iliyopita, watu wa ofisi walikubali kuja mpaka huku mwisho wa barabara.

Alasiri tulirudi nyumbani tukanywa kahawa. Nilimwekea maandazi ya iliki. Reino alikuwa ameleta maziwa, naye akaketi kama kawaida yake bila kuambiwa. Hapo ndipo Sirkku alipouliza, kwa sauti ya chini tu, magogo yalikwenda wapi na nani aliyeyatoa. Mimi nilikuwa namfuta Lempi mdomo, nikaendelea kumfuta hata ulipokuwa mkavu. Reino aliweka donge la sukari kati ya meno, akamimina kahawa kwenye kisahani, akanywa, kisha akasema ni yeye. Akasema mzee Taisto yuko hospitali, kuni za sauna zimekwisha, magogo yanaoza bure, nani angemzuia. Sirkku alifungua karatasi zake. Akaandika. Hayo ndiyo aliyoyapata Jarkko, na ndiyo aliyokuambia.

Najua kilichofuata. Reino alipokuja kukuona, amevaa koti lake la kanisani, mkononi ana mkate wa samaki aliouoka mwenyewe, ulimgeuzia mgongo ukatazama ukuta. Marjut alinisimulia kwamba alikaa ukumbini saa nzima na ule mkate magotini, halafu akawaachia wauguzi akaenda zake. Huku kijijini hajalisema hilo kwa mtu. Alisema tu kwamba umenenepa.

Barua ya ofisi ilifika katikati ya Agosti. Wanasema kwa maneno marefu kwamba kilichokuwa kinalindwa hakipo tena, kwa hiyo mkataba ukiisha mwanzoni mwa mwezi huu hawatauendeleza, na msitu hautaunganishwa na hifadhi. Jarkko alikuja na gari akaisoma amesimama. Alisema basi hakuna sababu ya kungoja miti mingine iangushwe na upepo, na kwa kuwa yeye ndiye anayesaini kwa niaba yako sasa, alisaini miti iuzwe. Sikumzuia. Si mtu mbaya, Baba, alinikumbatia na kumletea Lempi suruali ya mvua. Lakini jana jioni lori kubwa lilileta mashine ya kukatia miti. Ina magurudumu yanayonizidi kimo. Imesimama pale njia panda ya kwenda kisimani, na dereva wake anaitwa Pasi, mtu mpole mwenye kikohozi, amelala kwenye kibanda chake cha magurudumu. Leo anaanza. Barua hii ikikufikia kazi itakuwa imekwisha.

Marjut, dada yangu, kama ni wewe unayesoma kwa sauti, nakuomba uishie hapa. Mpe Baba miwani yake, mwekee karatasi kwenye mkono wa kushoto. Atasoma polepole, hana haraka. Asante.

Baba. Siyo Reino. Ni mimi.

Mwezi wa tano mtu wa ofisi alipiga simu, akasema watakuja baada ya sikukuu ya Yohana kuukagua msitu, waone hali yake. Hakusema zaidi. Nilimuuliza niandae nini. Akajibu nisiandae kitu chochote, niwafungulie tu kizuizi cha barabara. Lakini nani huku kwetu akaambiwa usiandae kitu akakaa bila kuandaa? Mama alikuwa akisugua hata mlango wa banda la kuni akisikia mchungaji anapita barabara kuu. Mimi ni mtoto wake. Nilisimama dirishani nikautazama msitu wako kwa macho ya mgeni, nikaona magogo yamelala huku na huku, moja juu ya jingine, yamevaa kijani, yamevimba, na aibu ikanipanda usoni.

Hukuwahi kuijua aibu hiyo, maana sikukuambia. Kwenye basi la shule waliniita Vilja wa Mabovu. Msitu wa kila mtu ulikuwa umefagiliwa kama sebule, wa kwetu ulikuwa kama nyumba ya mlevi. Reino mwenyewe alikuwa akisimamisha trekta mpakani na kukuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani: "Taisto, hiyo miti unangoja iamke?" Nawe ulimjibu neno moja siku zote, kilicholala kiache kilale, ukaingia ndani. Hukumwambia habari ya mkataba. Hukumwambia mtu yeyote, nadhani uliogopa wacheke kwamba serikali inakuheshimu kwa ajili ya magogo yaliyooza. Na mimi nilikuwa bweni, nilijua kuna karatasi kwenye droo, basi. Nilidhani ni mgongo wako. Halafu nilidhani ni huzuni, kwa sababu ile dhoruba iliyoangusha misonobari mikubwa kumi kwa pamoja ilipiga wiki ileile tuliyomzika Mama. Uliposema kilicholala kiache kilale nilidhani unamsema yeye. Sikuthubutu kuuliza.

Basi nikaitisha msaragambo. Nilioka siku mbili. Nikapita nyumba kwa nyumba, kwa watu wote kumi na saba waliobaki, nikawaambia wageni wa ofisi wanakuja kwa mzee Taisto, yeye yuko kitandani, tumsitiri. Walikuja wote wenye miguu. Reino alikuja na trekta na mnyororo, amefurahi kama bwana harusi, akatangaza kwamba hatimaye msitu wa Taisto umepata mtu wa kuuchana nywele. Mjane wa duka lililofungwa akasema marehemu Elvi wako angekuwepo angelia kwa furaha. Mimi ndiye niliyelia. Nilidhani ni siku nzuri kuliko zote tangu nirudi nyumbani. Tulifanya kazi siku tatu. Magogo yenye nguvu tuliyakata kwa chenso yakawa kuni. Yale yaliyooza tuliyaburuta mpaka ufukweni, tukayapanga kwa ajili ya moto mkubwa wa sikukuu ya Yohana. Baada ya hapo nikachukua reki ya majani, Baba, nikaichana hata ardhi.

Gogo namba tisa lilikuwa gumu kufunga mnyororo, kwa sababu ya kile kitu kilichoota ubavuni. Nilikigonga kwa kisogo cha shoka kikatoka na kipande cha ganda. Nikaona chini yake ni waridi. Nikasema, tazama Lempi, kizuri, nikampa achezee.

Moto ule watu bado wanausema. Tuliuwasha jioni jua likiwa bado juu ya ziwa, na haukuwaka kama moto mwingine, ulikuwa ukivuta na kutoa moshi mzito wenye harufu kumikumi, mara kitunguu, mara udongo, mara kitu kitamu nisichokijua. Tuliimba. Reino alicheza na mjane. Nilikuwa nikiwaza nitakavyokusimulia.

Siku Sirkku alipouliza kama hatujauona popote ule wa waridi, hata kipande, ili angalau aandike kwamba mwaka huu ulikuwepo na pengine upo mwingine mahali, kipande cha Lempi kilikuwa kwenye benchi pale jikoni. Nilikikalia. Nilitandaza sketi yangu juu yake nikabaki hapo mpaka gari lake likatoka uani. Sijui kama kingebadilisha kitu. Nimejiuliza kila siku, na jibu linakuja tofauti kila siku.

Sirkku alipoondoka nilimuuliza Reino kwa nini alisema ni yeye. Alinijibu kwa hasira kabisa. Akasema: "We mtoto, una msichana mdogo na baba mgonjwa, ukiingizwa kwenye karatasi za serikali utatoka lini? Mimi nina trekta na presha tu." Halafu akasema kwamba miaka kumi alimcheka mtu aliyekuwa na akili kumzidi, na kwamba hilo nalo lina malipo yake. Kijiji kizima kimefunga mdomo. Wote walikula maandazi yangu, na wote wanapita barabara ya nyuma siku hizi, wasione ile mashine. Mimi nami nilinyamaza, Baba. Tangu mwezi wa nane nimekuacha umchukie mtu asiye na kosa, kwa sababu nilitaka nikipiga simu uendelee kuniita kipenzi. Hilo ni baya kuliko magogo. Magogo sikujua. Hili nilijua.

Sikuombi unisamehe kwenye barua, utanijibu utakapoweza au hutanijibu. Naomba moja tu, Reino akija tena usitazame ukuta.

Pokea salamu za mjane wa duka, za Lempi ambaye amesinzia sasa na kichwa kimeegemea buti lako, na za nyumba yote. Nimekwisha kuandika anwani juu ya bahasha ili gari la posta likipita saa nne isichelewe. Lipo jambo moja la mwisho, nalo ndilo linaloniweka wima leo.

Pasi anasema anaruhusiwa kuacha miti kumi isimame, na kwamba mwenyeji achague, afunge utepe. Nilikosa utepe, nikachukua lile shati lako la kazi la bluu, lile lililokwisha viwiko, nikalichana vipande kumi. Wa kwanza ni wa ule mwerebi mzee wa kando ya kijito, ambao uyoga wake unanukia, ule ambao Mama aliweka kipande chake kwenye sanduku la nguo. Huo haukuguswa, kwa kuwa ulikuwa umesimama. Wa pili ni wa msonobari wenye alama ya shoka ya babu. Jarkko amenicheka, anasema miti iliyoachwa peke yake uwanjani haidumu, upepo wa baridi ya kwanza au ya pili utailaza yote. Nilimpigia Sirkku kumuuliza, naye akasema kwa masikitiko kwamba ni kweli, mara nyingi huanguka. Alidhani nitalia. Lakini mimi nilikaa chini nikafurahi. Ikianguka si italala, Baba? Na nitakuwa hapahapa. Trekta halitapita. Wakija wageni wataona uchafu wangu nami nitawapa kahawa. Lempi akifika umri wa mama mtu mzima gogo litakuwa limeshafungua mlango wake wa tatu au wa nne. Nilimuuliza Sirkku kama ule wa waridi unaweza kurudi, kwa upepo, kutoka kwenye hifadhi iliyo mbali vile. Akasema labda. Nilivyomsikia, alisema ili nisiumie. Hata hivyo nimeichukua labda yake.

Reino ananiita uani. Anasema Pasi ameshawasha mashine, na kama nataka kufunga hayo matambara yangu nije sasa hivi, siyo Krismasi, na nimvalishe mtoto kofia. Nakuja, nimemwambia. Baba, utepe wa tatu nitaufunga kwenye ule msonobari uliopinda, pale chini ambapo wewe na Mama mlikuwa